Zamu ya Kukaa

Mwalimu Sabina alistaafu na kipenga chake shingoni, na hata siku ya kuagwa hakukivua. Miaka yote aliyofundisha shule ya msingi, michezo ilikuwa mikononi mwake. Msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ukifika alikuwa hali akashiba wala halali akapumzika mpaka timu yake ipite wilayani, halafu mkoani. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Nansio, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya maji akasikia. Akikukuta unatembea uwanjani ungeanza kukimbia, hata kama ulikuwa unapita tu na ndoo yako kichwani.

Kwa hiyo Teodora, dada aliyekuwa akisimamia watoto kanisani, alipomfuata nyumbani kwake Buswelu kumwomba ashike timu moja katika ligi ya watoto wadogo, Sabina hakumwacha amalize.

"Nimekubali," alisema. "Mazoezi yanaanza lini? Wapinzani wetu ni akina nani?"

"Hakuna wapinzani, mwalimu. Kuna timu nne tu, watoto wa makanisa ya jirani tumewachanganya. Wa miaka sita mpaka minane."

"Basi hizo timu tatu nyingine ndizo wapinzani."

Teodora alicheka, akasema wataelewana hukohuko uwanjani.

Uwanja wenyewe ulikuwa Pasiansi, kipande cha udongo mwekundu kati ya ukuta wa kanisa na mawe makubwa, na nyuma ya mawe unaliona ziwa. Jumamosi ya kwanza Sabina alifika mapema, amemshika mkono Precious, mjukuu wake aliyekuwa akiishi naye. Timu zilikuwa zimepewa majina: Furaha, Upendo, Amani na Uvumilivu. Yeye akapewa Uvumilivu. Nusu ya wachezaji wake walilitamka Uvumirivu, na nusu nyingine walisema tu "sisi wa njano," kwa sababu ya rangi ya vizibao vyao.

Sabina akatazama huku na huku.

"Ubao wa matokeo uko wapi?"

"Hatuandiki matokeo, mwalimu," Teodora akamjibu.

"Mwamuzi ndiye anayeyaweka kichwani?"

"Hakuna anayeyaweka. Hatuhesabu magoli." Akamweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kila mtoto anacheza. Kipenga kikilia, waliokaa wanaingia na waliocheza wanakwenda kukaa, zamu kwa zamu, awe hodari au asiwe hodari. Katikati kuna neno la Mungu na machungwa. Mwisho kila mtoto anabandikwa nyota ya karatasi kifuani, na mwalimu wake anamwambia mbele ya watu jambo moja zuri alilolifanya siku hiyo.

"Sasa bingwa mtampataje?"

"Hatumpati."

"Na mimi nafundisha nini?"

"Wafundishe kucheza."

Sabina alimkazia macho aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Mechi ile ya kwanza ilimpita kama ndoto ya homa. Goli likiingia, wanaofungwa nao wanapiga makofi. Kando ya uwanja walikuwa wamesimama makorongo, yale mandege makubwa yenye vipara, na mtoto mmoja wa njano alipoyaona aliuacha mpira miguuni kwake akayakimbilia. Watatu wakamfuata, wawili wao wa timu nyingine. Mchezo ukasimama. Aliyepiga kelele alikuwa Sabina peke yake. Alipogeuka akamkuta Precious amekaa katikati ya uwanja, amevua kiatu, anakung'uta mchanga bila haraka yoyote.

Kisha zikaja nyota. Yule mkimbiza makorongo akasimama mbele yake, kifua mbele. Sabina akakohoa.

"Wewe una mbio," akasema.

Mtoto akaondoka akiruka. Ilipofika zamu ya Precious, bibi yake akatafuta neno, hakuliona. Mtoto alikuwa amekaa chini karibu mchezo mzima.

"Umevaa vizuri," alisema hatimaye, akasikia aibu mbele ya wazazi. Precious aliipapasa nyota yake, akafurahi vilevile.

Lakini Sabina alihesabu. Hakuweza kujizuia, kama mtu asikiaye ngoma mguu ukacheza wenyewe. Jioni, akichambua mchele, aliupanga msimamo wa ligi kichwani: Furaha wa kwanza, Upendo wa pili. Uvumilivu walikuwa mkiani.

Wiki chache baadaye akaja Hadiya. Aliletwa na baba yake, Farouk, muuza vipuri vya injini za boti pale Kirumba, mwanamume mrefu aliyezungumza akitazama chini kwa heshima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Sisi ni Waislamu, nimeshazungumza na dada Teodora. Wakati wa neno mtoto atakaa na mimi pembeni. Lakini kwa mpira huyu amenishinda. Anaupiga sebuleni, anaupiga dukani, glasi za mama yake zimekwisha. Nikasema bora avunjie huku."

Mtoto alikuwa na miaka saba, miguu myembamba, hijabu ndogo nyeupe imekazwa isianguke. Mpira wa juu ukamjia, akautuliza kwa kifua, ukashuka mguuni kwake kama paka anayerudi kwa mwenyewe. Sabina akahisi vinyweleo vinasimama. Miaka yote ile alikuwa ameomba mtoto mmoja wa namna hii, na sasa amepewa, kwenye ligi isiyokwenda popote.

Baada ya mchezo Farouk akamsogelea.

"Mwalimu, matokeo vipi?"

"Hatuhesabu," Sabina akasema kwa sauti. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama. "Tano kwa mbili. Tumeshinda."

Farouk akatikisa kichwa kwa kuridhika. Toka siku hiyo, kila Jumamosi baada ya nyota, wawili hao walisimama karibu na jiwe moja wakanong'ona kidogo, kisha kila mtu akashika njia yake.

Ikaja siku ya kukutana na Furaha. Kwa msimamo uliokuwa kichwani mwa Sabina, wakishinda hiyo wanapanda juu. Kipenga cha kubadilishana kikalia. Ilikuwa zamu ya Hadiya kukaa benchi na Precious, na ya Yeremia kuingia. Sabina akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na kwa mkono mwingine akamwashiria Hadiya abaki. Mtoto akasita, akabaki. Yeremia akarudi benchi. Kipenga kikalia tena, sasa Precious aingie, Sabina akafanya vilevile.

Hadiya alifunga, akafunga tena, kisha tena. Ila kadiri alivyofunga ndivyo alivyozidi kupoa. Mwishoni akawa anakimbia huku anageuza shingo kutazama benchi, na mara moja aliupiga mpira golini kama mtu anayetupa takataka, akaenda zake kabla haujaingia.

Mchezo ulipokwisha Sabina alikuwa amelowa jasho, moyo unamdunda kama zamani. Akafungua mikono kumpokea. Hadiya akaja taratibu, mdomo unatetemeka.

"Bibi, zamu yangu iko wapi?"

"Zamu gani, mwanangu? Umecheza mchezo mzima!"

"Zamu ya kukaa."

Sabina akadhani hakusikia vizuri. "Ya nini?"

"Ya kukaa! Umenichezesha mpaka machungwa yamekwisha." Machozi yakaanza kumshuka. "Precious alikuwa ananisimulia habari ya mamba wa Nansio, hajamaliza, tukasema tutamalizia nikija kukaa. Sasa kaimalizia kwa Yeremia."

Sabina akamtazama Farouk. Farouk naye akamtazama Sabina.

"Lakini umefunga, mama," Farouk akasema, akachuchumaa mbele ya mtoto wake. "Umefunga magoli mengi kweli."

"Najua!" Hadiya akalia kwa nguvu zaidi.

Baba mtu akamfuta kamasi kwa kitambaa chake, akamwinua begani, akaondoka bila kuuliza matokeo.

Sabina alijua Teodora ameona. Akamfuata mwenyewe, amejiandaa kujitetea.

"Nimemchezesha zaidi," alisema. "Nimekosa."

Teodora alikuwa anaokota maganda ya machungwa. Hakuonyesha hasira. "Ulikuwa unatafuta nini, mwalimu?"

"Kushinda."

Neno lilipomtoka akalisikia likielea peke yake. Kushinda nini? Hakuna kombe, hakuna kwenda wilayani, hakuna hata mtu wa kumwambia isipokuwa Farouk. Teodora akampa kiroba, wakaokota maganda pamoja.

Jioni hiyo, wakiwa wanachagua dagaa, akamwuliza mjukuu wake.

"Ulikasirika nilipokunyima kuingia?"

"Hapana. Nilichoka tu kukaa peke yangu."

"Mlikuwa wengi pale benchi."

"Hadiya hakuwepo."

Sabina akatupa vichwa vya dagaa kwenye sahani. "Hivi nyie mnajua nani alishinda leo?"

"Sisi," Precious akajibu papo hapo.

"Kumbe mnahesabu!"

"Kila mtu anahesabu, bibi."

"Sasa mbona hamsemi?"

Precious akafikiri, dagaa mmoja mkononi. "Tunahesabu, halafu tunasahau."

Usingizi ulichelewa. Sabina alijaribu kuzikumbuka sura za watoto waliokuwa wakikaa benchi miaka yake yote ya ualimu. Za wafungaji zilikuja zote, moja moja, na majina yao na ya baba zao. Za benchi hazikuja. Alijua walikuwepo, maana benchi halikuwa tupu hata siku moja. Akageukia ukutani. Kama wale nao walikuwa wanasimuliana habari za mamba, yeye alikuwa wapi asizisikie?

Jumamosi iliyofuata alimwita Hadiya pembeni. Kumwomba radhi mtoto wa miaka saba kulikuwa jambo geni kwake, ulimi ukawa mzito.

"Leo utakaa zamu yako," alisema. "Yote."

Hadiya akamwangalia kwa makini, akaona ni kweli, akakimbilia kwa Precious. Kipindi cha mapumziko alikuja na kipande cha chungwa kilichokwisha kung'atwa upande mmoja, akakiweka mkononi mwa Sabina. Sabina akakila. Hakujua kingine cha kufanya nacho.

Kuanzia hapo akafuata utaratibu, ingawa aliufuata kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Alihesabu bado. Alinong'ona na Farouk bado, ila sasa minong'ono ilikuwa mifupi, na mara nyingine waliishia kuzungumza habari za bei ya sato.

Jumamosi ya kufunga ligi watu walijaa. Wazazi walikuja na viti vyao, akina mama wa kanisa wakapika pilau, na ikatangazwa kuwa diwani atafika baada ya mchezo wa mwisho. Mchezo huo ulikuwa wa Uvumilivu na Upendo, na Sabina, pamoja na yote yaliyompata, alikuwa anajua kwamba timu hizo mbili ziko sawasawa kileleni. Atakayeshinda leo ndiye bingwa, hata kama hakuna bingwa.

Alianza kuhesabu vizuri. Moja kwa bila. Moja kwa moja. Kisha kipenga kikalia, Precious akaingia, na baada ya muda mfupi mpira ukasimama mbele ya miguu yake.

Kwa msimu mzima Precious hakuwa ameugusa mpira kwa kukusudia. Akautazama. Akatazama watu. Kisha akaupiga mbele kidogo, akaufuata, akaupiga tena, akawa anakimbia nao, ulimi nje, kuelekea golini kwao wenyewe.

"Geuka!" Sabina akapaza sauti. "Precious, geuka!"

Watoto wote wakamfuata, njano na bluu. Hadiya akamfikia kwanza. Angeweza kumnyang'anya mpira kwa kidole kimoja cha mguu, lakini alikimbia tu ubavuni kwake akisema, "Geuka, geuka, geuka na mimi." Precious akageuka kwa duara kubwa, kama boti inayogeuza gatini, na kundi zima likageuka naye. Kipa wa Upendo akaliacha goli lake akaja kuona kuna nini. Sabina alikuwa anakimbia kandokando ya uwanja, viatu mkononi, hajui amevivua saa ngapi, anapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Wakapita katikati, wakaenda, wakaenda, Precious akaupiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukapiga jiwe lililosimama badala ya mlingoti, ukarudi, ukapotea katikati ya miguu mingi, vumbi likatimka, watoto wakaangukiana wakicheka, makorongo yakaruka.

Mchezo uliendelea baada ya hapo. Mpira ulikwenda huku, ukaja huku. Sabina alisimama ameshika kifua, akimtazama Precious anayetembea kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu, na kipenga cha mwisho kilimkuta bado anatazama.

Diwani akafika dakika ileile. Alikuwa mtu mcheshi, na nyuma yake kijana wa ofisini kwake alikuwa anavuta mbuzi dume mweupe mwenye utepe mwekundu shingoni. Uso wa Teodora ukabadilika.

"Nimesikia hapa kuna ligi," diwani akasema kwenye kipaza sauti. "Na mimi naijua ligi. Ligi ni mbuzi! Bingwa ajitokeze achukue mbuzi wake!"

Mbuzi akalia. Teodora akasogea akamnong'oneza. Diwani akamsikiliza, nyusi zikapanda.

"Hakuna bingwa? Ligi nzima?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Aliyefunga mengi?"

"Hatukuhesabu."

"Sasa mbuzi nimpe nani?" Aliuliza kwa dhati, na kipaza sauti kikalipeleka swali lake mpaka barabarani.

Mzazi mmoja nyuma akapiga kelele: "Mwulizeni Mwalimu Sabina! Huyo hawezi kukosa kuhesabu!"

Watu wakacheka, wakageuka wote. Farouk naye aligeuka, macho yanang'aa kwa matumaini. Sabina akasimama. Alitaka kusema. Msimamo wa ligi ulikuwa wazi kichwani mwake mpaka wiki iliyopita, timu baada ya timu. Akatafuta ya leo. Moja kwa moja, na baada ya hapo akamwona Precious ulimi nje, anakimbilia goli la timu yake mwenyewe. Akajaribu kumsogeza pembeni aone kilichofuata. Mtoto hakusogea.

"Sijui," alisema.

Watu wakacheka tena. Walidhani ni mzaha.

"Kweli jamani, sijui." Sauti yake ilitoka ndogo, kama ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Akakaa.

Diwani akawageukia watoto. "Haya, nyie semeni wenyewe. Nani kashinda?"

"Sisi!" wakajibu wote, timu nne kwa pamoja, na mbuzi akaruka akataka kukimbia. Diwani akamwangalia Teodora, akawaangalia watoto, akamwangalia mbuzi. Kisha akaiweka kamba mikononi mwa mtoto aliyekuwa karibu, akasema mbuzi ni wa watoto wote na yeye ana kikao kingine, akaondoka akitikisa kichwa.

Baba mmoja akashauri mbuzi achinjwe aongezwe kwenye pilau. Kilio kilichotokea hakijawahi kusikika Pasiansi. Kumbe katika muda ule mfupi watoto walikuwa wamekwisha kumpa jina, Mheshimiwa, na mwenye jina hachinjwi. Ikabaki swali la nani atamweka. Wengi walikuwa wapangaji, wengine hawana uzio. Mwenye uwanja wenye uzio alikuwa Sabina.

Hivyo Mheshimiwa akahamia Buswelu. Wiki ya kwanza alimaliza mchicha, ya pili akaanza nguo zilizoanikwa. Na ingawa ligi ilikuwa imefungwa, Jumamosi watoto walianza kuja kumsalimia mbuzi wao, na wakija huja na mpira.

Teodora alikuja mara moja kumwomba ashike timu tena msimu ujao.

"Mimi bado sielewi ligi yako," Sabina akamwambia.

"Hata mimi kuna Jumamosi siielewi," Teodora akasema. "Lakini utakuja?"

"Nitakuja. Ila usiniulize nakuja kufanya nini."

Siku moja Farouk alimleta Hadiya, akakaa kibarazani kusubiri. Sabina akamletea chai. Uwanjani Hadiya na Precious walikuwa wanampigia mbuzi danadana, mbuzi anawatazama.

"Mwalimu," Farouk akasema, "siku ile ya mwisho nilihesabu."

Sabina akaweka kikombe chini. Alikuwa amejiambia hataki kujua. "Ilikuwaje?"

"Mbili kwa moja. Sisi. Ule wa Precious uliingia."

"Haukuingia. Uligonga jiwe."

"Uligonga jiwe, ukarudi, Hadiya akaugusa, ukaingia."

"Hadiya alikuwa ameanguka! Aliyeugusa ni yule kipa wao."

"Kipa alikuwa ametoka golini, mwalimu. Alikuwa nyuma yangu huku, anakunywa maji."

"Basi aliyekuwa golini nani?"

Farouk akafikiri. "Nadhani alikuwa wa kwetu," alisema polepole. "Yule wa makorongo."

"Wa kwetu, golini kwao? Alikuwa anafanya nini?"

"Ndiyo nashangaa."

Sabina akashuka kibarazani, akachukua mawe mawili akayapanga kuwa goli, akamwita Hadiya aje aonyeshe alipoangukia. Hadiya akaonyesha sehemu moja, Precious akaonyesha nyingine mbali kabisa, na Farouk akavua viatu akaenda kusimama alipodhani kipa hakuwepo.